Mizani haikaushi karafuu: kuifahamu alama ya Hesabu ya mwanao

Matokeo ya skuli yakitoka tu, baraza zetu hapa Wete hugeuka vyumba vya kusahihishia mitihani. Mmoja atasema mtihani wa safari hii ulikuwa mgumu, mwengine atazilaumu simu, wa tatu atamtaja mwalimu wa tuisheni ambaye "akikushika huyo, unapasi tu". Msimu uliopita jirani yangu mmoja alinijia na karatasi imekunjwa mara nne kama hirizi. Mwanawe wa darasa la tano kapata 38 katika Hesabu.

"Mwalimu," akaniambia, "Hesabu hazimpandi mtoto huyu. Nimtafutie tuisheni, au nimuache ashike ufundi mapema?"

Nimefundisha Hesabu skuli za msingi hapa Pemba kwa miaka mingi, na swali hilo nimeulizwa kwa sura zote. Gumu lake ni kwamba ndani yake mna maswali manne yaliyofungwa fundo moja: mtoto anajua nini, mtihani umepima nini, hiyo 38 maana yake nini, na sasa kifanywe nini. Ukiyajibu kwa mkupuo mmoja lazima ukosee. Basi tulifungue fundo taratibu.

Kuna kupima na kuna kupima

Mkulima wa karafuu hupima mara mbili. Mara ya kwanza ni pale jamvini. Kila siku anazigeuza, anaokota moja, anaivunja kwa vidole na kusikiliza: imekatika au imepinda? Ikipinda bado ina maji, zinabaki juani. Kipimo hicho hakiandikwi popote wala hakina daraja. Kazi yake ni kumwambia mwenye karafuu leo afanye nini. Mara ya pili ni kituoni, anapofikisha gunia. Zinatizamwa, zinatiwa daraja la kwanza, la pili au la tatu, zinapandishwa kwenye mizani, analipwa. Hapo hakuna tena habari ya kurudi juani.

Katika elimu, kile cha jamvini ndicho kinachoitwa tathmini endelevu: mwalimu kuuliza darasani, kupita kwenye madawati, kutizama buku la mtoto, kutoa zoezi la maswali matano Alkhamisi. Kile cha kituoni ndio mtihani. Mtihani wa darasa la nne, wa darasa la sita na wa kidato cha pili, inayosimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, yote ni mizani ya kituoni. Sisemi isiwepo. Wizara inahitaji kujua skuli zinakwendaje, na ule wa darasa la sita ndio unaotumika kuwachagua wanaokwenda kwenye michepuo na vipawa, yaani madarasa ya waliofanya vizuri zaidi. Lakini mizani haikaushi karafuu. Mzazi anayetaka mtoto afanyishwe mitihani ya majaribio kila wiki ili "azoee" ni sawa na anayezipeleka karafuu mbichi kituoni kila siku akitumaini safari moja zitakauka njiani.

Sasa ile karatasi yenyewe. Huwa ina mambo matatu ambayo watu huyachanganya: alama, daraja na nafasi. Alama, kama 38 kati ya 100, inamlinganisha mtoto na maswali ya mtihani ule. Nafasi, kama wa 12 kati ya 60, inamlinganisha na wenziwe. Mtoto anaweza kupanda kutoka 38 hadi 55 na nafasi yake ikashuka, kwa sababu mtihani wa pili ulikuwa mwepesi na wenziwe wamepanda zaidi. Nimeona mtoto akipigwa kwa hilo, na alikuwa amepiga hatua. Daraja nalo ni kikapu tu. Wawili waliopishana kwa alama moja wanaweza kuangukia vikapu tofauti, na waliopishana kwa alama kumi wakalala kikapu kimoja.

Kuna na namba nyengine inayowababaisha watu pindi ikitajwa redioni. Zanzibar imewahi kupimwa pia katika SACMEQ, mpango wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika unaopima kusoma na hisabati kwa watoto wa darasa la sita. Humo Zanzibar inahesabiwa peke yake, mbali na Tanzania Bara. Wastani wa kipimo hicho uliwekwa kuwa 500, na watu huuliza: 500 kati ya ngapi? Si kati ya kitu. Ukiambiwa leo joto ni nyuzi 30, huulizi 30 kati ya ngapi. Mimi kinachonipendeza katika SACMEQ ni kwamba haikuishia kwenye namba. Imezipanga hisabati katika ngazi nane, na kila ngazi inaeleza mtoto aliyefika hapo anaweza kufanya nini. Hicho ndicho ambacho 38 ya jirani yangu haikisemi.

Watoto wawili wanaweza kupata 38 hiyo hiyo na wakawa hawafanani hata kidogo. Mmoja hajui kugawanya. Mwengine anajua kila kitu ila hakulifahamu swali kwa sababu limeandikwa Kiingereza. Wa tatu alimaliza nusu ya karatasi kwa utulivu kabisa, kengele ikalia.

Mia nne na mbili toa mia moja sitini na nane

Nilimwambia yule jirani, mama yake kijana, amlete baada ya swala ya alasiri. Kijana akaja, kavaa kanzu ya chuoni anakosomea Kurani, kakaa ncha ya baraza kama anayesubiri kukimbia. Nikamwandikia 402 toa 168. Hata dakika haijatimia, kaandika 366.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunatia mkasi mwekundu wa kosa, tunaandika jibu sahihi pembeni, tunasonga mbele. Mimi nilimwambia: hebu nieleze ulivyofanya.

"Nane toa mbili, sita. Sita toa sifuri, sita. Nne toa moja, tatu."

"Hiyo nane iko juu au chini?"

"Chini."

"Mbona umeanza nayo?"

Akanitizama kama mimi ndiye nisiyejua. "Kwenye mbili haitoki nane, mwalimu. Kidogo ndicho kinachotoka kwenye kikubwa."

Mtoto huyu hakubahatisha, ana kanuni. Darasa la pili aliambiwa kidogo hutolewa kwenye kikubwa, na wakati ule ilikuwa kweli, naye ameishika kwa uaminifu mpaka leo. Anaitumia katika kila safu bila kujali ipi iko juu. Nikampa 57 toa 23, akaandika 34, sawasawa. Nikampa 83 toa 47, akaandika 44, na ilikuwa iwe 36. Kwa maswali matatu tu nimeshajua kwamba kutoa anajua, ila kukopa ndiko kunakomshinda. Ukimpeleka tuisheni akafanyishwa hesabu hamsini za namna hii, atakosa hamsini zote, na kanuni yake itazidi kukomaa.

Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza kwa mdomo: umetumwa dukani na shilingi 40,200, umenunua vitu vya 16,800, urudi na ngapi? Akaangalia juu kwenye boriti.

"Kumi na sita na mia nane mpaka kumi na saba, mia mbili. Mpaka ishirini, elfu tatu. Mpaka arubaini, elfu ishirini. Na ile mia mbili ya juu. Ishirini na tatu na mia nne."

Shilingi 23,400. Ni hesabu ile ile ya 402 toa 168, imeongezewa sifuri mbili. Mama yake alikuwa kasimama mlangoni, akacheka peke yake.

Jambo hili si la Wete tu. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha walichokiona katika mji wa Recife, Brazil, kwa watoto waliokuwa wakiuza sokoni. Mtoto wa miaka 12 aliulizwa nazi kumi ni kiasi gani ikiwa moja ni 35. Akasema tatu ni 105, tatu nyengine inakuwa 210, akaendelea mpaka akafika 350. Sokoni watoto wale walipatia karibu maswali yote, asilimia 98. Hesabu zile zile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za skuli, walipatia kiasi cha asilimia 37. Namba hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kwenye karatasi waliiacha akili yao ya sokoni nje ya mlango.

Kwa hiyo 38 ya kijana huyu haikusema kwamba hesabu hazimpandi. Ilisema kwamba hesabu ya kichwani mwake na ile ya daftarini hazijajuana bado.

Kuzijulisha kuna njia, na ni pesa zile zile. Nilimtaka afikirie ana noti nne za elfu kumi, hana noti ya elfu hata moja, na ana sarafu mbili za mia. Anataka kulipa noti moja ya elfu kumi, noti sita za elfu na sarafu nane za mia. Atafanyaje? "Nitachenji," akasema. Atachenji noti ya elfu kumi apate noti kumi za elfu moja moja, kisha moja katika hizo aichenji apate sarafu kumi za mia. Sasa mkononi ana noti tatu za elfu kumi, noti tisa za elfu, na sarafu kumi na mbili za mia. Alipe: zinabaki mbili, tatu, nne. Kule kukopa kunakowatesa watoto ni kuchenji tu. Nahisi hata neno lenyewe "kukopa" linawapotosha, maana mtu akikopa hurejesha, na hapa hakuna kinachorejeshwa.

Ukili uliokosewa chane

Hisabati haifanani na masomo mengine kwa jambo moja. Ukikosa somo la historia ya watawala wa Mazrui huko Mombasa, bado unaweza kulifahamu la Mapinduzi ya mwaka 1964. Hisabati ni kama kusuka ukili. Chane moja ikipishana vibaya unaweza kuendelea pima nzima, kwa mbali ukauona ukili ni ukili, lakini ua halitoki. Na dawa yake si kusuka kwa kasi. Unarudi nyuma, unafumua mpaka pale, unaanzia hapo.

Ndiyo maana mtoto wa darasa la sita asiyeweza hesabu za sehemu, kama nusu na robo, mara nyingi tatizo lake haliko kwenye sehemu. Liko kwenye kugawanya kwa darasa la nne, na kugawanya kumekwama kwa sababu ya kuzidisha, na kuzidisha kwa sababu ya nafasi za mamoja, makumi na mamia. Upimaji uitwao Uwezo, ulioanza Tanzania mwaka 2010, ulilionesha hilo kwa njia nyepesi mno. Watoto walifuatwa majumbani wakapewa maswali ya kiwango cha darasa la pili tu, na hata miongoni mwa wa darasa la saba wakapatikana walioshindwa. Walivuka kila mwaka, darasa baada ya darasa, na ukili umeshakosewa zamani.

Mzazi unaweza kufanya kama hivyo nyumbani bila kuwa mwalimu. Teremka. Mpe swali la darasa lake. Akikwama mpe la darasa la chini yake, kisha la chini zaidi, mpaka ufike pahala anajibu bila jasho na anaweza kukueleza kwa nini. Hapo ndipo penye ardhi ngumu, anzeni hapo. Na usioneshe uso wa msiba ukikuta ni darasa la pili. Uso wako ni mtihani mwengine.

Sehemu nazo zina tabu yake. Muulize mtoto ipi kubwa, moja ya nne au moja ya nane, wengi watakwambia ya nane, kwa sababu nane inaishinda nne. Sisi watu wa visiwani tuna bahati hapa, tunayo maneno: nusu, thuluthi, robo, thumni. Watoto wanayasikia dukani, na chuoni wanaposomeshwa mirathi wanasikia mke ana robo, na akiwa mume ameacha mtoto, thumni. Chukua kete 64 za bao, zimwage kwenye jamvi, mwambie azigawe nusu: 32. Nusu yake tena ndiyo robo: 16. Nusu yake tena ndiyo thumni: nane. Ameshaona kwa macho kwamba kadiri unavyogawa kwa wengi ndivyo fungu linavyopungua, na hutahitaji kumhubiria. Anayesema 3.12 ni kubwa kuliko 3.4 kwa kuwa 12 inaishinda 4, ugonjwa wake ni huu huu.

Nahodha ana miaka mingapi?

Mwaka 1979 huko Grenoble, Ufaransa, watoto waliulizwa swali hili: katika jahazi kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kuzichezea namba zile, na 36 ndilo jibu linalokuja haraka. Msicheke. Nimewauliza watoto wetu wakanijibu hivyo hivyo, na mmoja aliniongezea kwamba kwa miaka 36 nahodha bado kijana.

Watoto wale wala si wajinga, ni watiifu. Wamefundishwa kwamba katika skuli kila swali lina jibu na kila namba lazima itumike. Nami nimechangia dhambi hiyo. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiandika ubaoni: ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "imebaki" toa. Darasa lilifurahi, alama zilipanda mwezi mmoja. Kisha likaja swali: Asha ana maembe 12, naye ana maembe manne zaidi kuliko Juma. Juma ana mangapi? Darasa zima 16. Neno "zaidi" wameliona, na Asha kuwa na zaidi hawakukuona. Juma ana manane.

Siku hizi namtaka mtoto kwanza anisimulie swali kama kisa, bila namba. Nani ana vingi? Kilitokea nini? Tunatafuta nini? Akishindwa kusimulia, hana haja ya kushika kalamu. Ni kazi ya dakika mbili, na naiamini kuliko kitabu chochote cha maswali na majibu.

Lugha

Sera ya Elimu ya 2006 ndiyo iliyoweka Kiingereza kuwa lugha ya kusomeshea Hisabati na Sayansi kuanzia darasa la tano. Uzuri na ubaya wa uamuzi huo watu wameshabishana sana, na sitaki kuufungua mjadala huo leo. Ninalotaka mzazi alione ni kwamba mtihani wa Hesabu wa Kiingereza unapima mambo mawili kwa alama moja. Mtoto aliyezoea kusema "tofauti" anakutana na "difference". Anakutana na "product" ambayo kwake ni bidhaa ya dukani, kumbe hapo ni jibu la kuzidisha. Hata kuhesabu kwenyewe kunapoteza msaada. Kwa Kiswahili kumi na mbili inajieleza, kumi na mbili juu yake, "twelve" haijielezi. Saa ndiyo kabisa: ya nyumbani inasema saa mbili na robo asubuhi, ya karatasi inasema 8:15, na mtoto anachora mshale kwenye mbili.

Kipimo chake ni rahisi. Swali alilokosa msomee kwa Kiswahili. Akilipata, usimtafutie mwalimu wa Hesabu. Andikeni maneno thelathini au arubaini yanayorudi rudi kwenye mitihani, kila moja na hesabu yake ya mfano, yabandikwe ukutani karibu na anapolala.

Yanayosemwa barazani

Kwamba kuna vichwa vya Hesabu na vichwa vya Kiswahili. Watoto wanapishana, sikatai, lakini nilichokiona kwa miaka yote ni mapengo, mengi yao yanazibika. Kwamba wasichana haziwafai: maneno hayo yana kazi moja tu, kumfanya msichana aache kujaribu, kisha kuacha kwake kukaletwa kuwa ushahidi. Kwamba mwenye akili ni mwenye haraka: kijana wangu wa 366 alikuwa na haraka kuliko wote.

Kwamba kuhifadhi ni kubaya. Hili limeingia siku hizi kutoka kwa wasomi, na lina nusu ya ukweli. Kichwani tuna kama chano kidogo cha kuwekea vitu wakati tunafanya kazi, hakibebi vingi. Mtoto anayetafuta saba mara nane kwa vidole amekijaza chano, swali lenyewe halina pa kukaa. Aliyeihifadhi tebo ana nafasi. Watoto wetu wanahifadhi juzuu nzima, tebo ya kuzidisha haiwashindi. Ila afahamu kwanza kwamba saba mara nane ni mafungu saba ya nane nane, ili siku akiisahau aweze kuijenga upya.

Chano hicho hicho ndicho kinachoharibiwa na khofu. Mtoto anayewaza bakora, au kicheko cha wenziwe, amekalisha mgeni mkubwa katikati ya chano. Anayajua ya jana usiku na leo asubuhi hayaoni, wala hakudanganyi anaposema alijua.

Na tuisheni? Inategemea. Darasa la tuisheni lenye watoto arubaini ni darasa la skuli lililohamishiwa ukumbini kwa mtu. Mwalimu anayekaa na watoto watano na kuuliza "umefanyaje?" anastahili pesa yako. Kabla ya kulipa, muulize mwalimu huyo mwanangu anakosea wapi. Akikujibu "Hesabu tu kwa jumla", rudi na fedha zako.

Miezi mitatu kabla ya mtihani

Karatasi za mitihani ya nyuma ni nzuri, lakini watu huzitumia kama kitana cha chawa: kupitisha tu. Mwache mtoto afanye moja, kisha kaeni na makosa pekee. Kila kosa liulizwe limetoka wapi. Hakujua? Alijua akateleza? Au hakulifahamu swali? La kwanza linataka kufundishwa, la pili linataka kukagua kazi, la tatu linataka lugha na kusimulia. Ni matatizo matatu yenye dawa mbalimbali, na mzazi anayesema "ongeza bidii" ametoa dawa moja kwa yote.

Dakika ishirini kila siku zinashinda saa tatu za Ijumaa. Hili limechunguzwa sana na wanasaikolojia: kinachorudiwa kwa kuachiwa nafasi kinakaa, kinachoshindiliwa siku moja kinayeyuka. Afunge buku ajiulize mwenyewe, asiishie kusoma mifano na kutikisa kichwa. Na achanganye mada, leo sehemu moja, eneo moja, kutoa kumoja, kwa sababu mtihani hautamwambia "sasa ni kutoa".

Mfundishe kujikagua. Aliyepata 366 ajumlishe 366 na 168, atapata 534 badala ya 402, na hapo karatasi yenyewe itamwambia kuna jambo. Aoneshe njia, maana penye njia mwalimu anaweza kukuta cha kumpa hata jibu likiwa limepotoka. Aanze na anayoyaweza. Usiku wa kuamkia mtihani alale. Saa za usingizi zikikatwa, hata tebo aliyoihifadhi huchelewa kuja.

Na wako wachache ambao utawateremsha mpaka chini na bado huikuti ardhi ngumu. Mtoto wa miaka kumi asiyeona kwa haraka kwamba tisa ni nyingi kuliko sita, anayehesabu vidole kila siku kama siku ya kwanza, na masomo mengine anakwenda vizuri. Huenda ana diskalkulia, ugumu wa kuzaliwa nao wa kuzihisi namba, unaokisiwa kuwapata watoto 3 hadi 7 katika kila 100 duniani. Hausababishwi na uvivu wala hauponi kwa bakora. Zungumza na mwalimu mkuu akuelekeze kwenye huduma za elimu mjumuisho za wizara. Lakini kabla ya yote hayo, mpime macho. Nimewahi kumhangaikia mtoto muhula mzima, kumbe 3 na 8 za ubaoni kwake zilikuwa kitu kimoja.

Yule kijana alikuja barazani kwangu wiki tatu, siku nne kwa wiki, dakika ishirini. Tulianza na kete, tukaja pesa za karatasi tulizozikata kwenye boksi la maziwa, mwisho kalamu. Siku ya mwisho ya wiki ya tatu mama yake alifika, nikamwandikia tena 402 toa 168. Safari hii alichukua muda. Akaikata nne, akaandika tatu. Akaandika kumi, akaandika kumi na mbili. Akatoa 244.

Mama akaniangalia. "Si bado kakosa?"

"Kakosa," nikamwambia, "lakini hili si lile la mwanzo. Amechenji, kasahau kuiondoa noti aliyoichenji."

Kijana alikuwa bado kainama juu ya karatasi. "Elfu zimebaki tisa," akasema, si kwa mtu yeyote, akaifuta ile nne ya katikati.